Msumari wa Ngara na Kisanduku cha Biharamulo

Wiki yangu ya mwisho kazini niliwakuta nyie vijana wa chumba cha mitambo mmeacha chai inapoa, mnagombana. Nikauliza kulikoni. Agripina akanijibu bila hata kuniangalia: mna programu mbili za kupokezana ujumbe, za watengenezaji wawili tofauti, kazi yake moja. Taarifa zikipita kwenye hii zinafika kwa mpangilio. Zikipita kwenye ile, leo zinafika sawa, kesho zinafika zimepinduka. Mmeshabadilisha waya, mmeshazima na kuwasha, mmeshamlaumu mtu wa umeme. Nikauliza swali moja tu: "Zikirundikana, inaanza kutoa ipi?" Mkacheka. Mkaona bibi anayesubiri kuagwa anataka naye aonekane. Kesho yake Agripina alinifuata mpaka mlangoni kwangu, amebana kompyuta kwapani. "Mama Perpetua, umejuaje?"

Basi naandika nilivyojua. Vyeo na mishahara nawaachia wenye kupenda hadithi hizo, na kwa kweli vyangu havijazi ukurasa. Nitawaambia habari za msumari, na za mtoto mmoja ambaye nusura nimpoteze kwa mkono wangu mwenyewe huku daftari langu likiwa safi kuliko yote wilayani.

Nilianza kazi ya redio pale Ngara mjini miaka ile ya wakimbizi, barabara zote zimejaa malori na watu wenye magodoro kichwani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Kirushya namsaidia mama maharage. Walikuwa wanatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri anayesikia Kirundi, na sisi Wahangaza Kirundi hatufundishwi, tunakielewa tu. Kiingereza changu hakikuwa cha kusifiwa. Waliniuliza maswali matatu, nikajibu mawili, nikaambiwa nije Jumatatu.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya majembe. Meza moja, kiti kimoja na nusu, betri mbili za gari, sola juu ya bati. Redio zilikuwa mbili. Ndogo ya kuongea na kambi za upande wetu, na kubwa ya masafa marefu ya kuongea na Biharamulo. Kazi yetu haikuwa kutunga ujumbe wala kuujibu. Kambi zetu zinasema, mimi naandika kwenye karatasi, halafu nausomea mtambo wa Biharamulo, nao wanausambaza kwenye kambi za upande wao. Na wao hivyo hivyo kwetu. Tulikuwa wapokezanaji tu, wenye ujumbe wako huku na wenye kuungoja wako kule.

Siku ya kwanza mkubwa wangu alinionyesha kitufe. "Bonyeza ukisema, ukimaliza sema ova, achia usikilize," akasema, akapanda gari, nikamwona tena baada ya siku nne. Nikabonyeza. Nikapiga kelele mpaka mbuzi nje wakakimbia.

"Wee binti," ikajibu sauti nzito, imetulia, "Biharamulo ni mbali lakini si mbali hivyo. Punguza sauti. Ova."

"Samahani Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unaitwa nani, na umekula?"

Ndivyo nilivyokutana na Mzee Zakaria, kwa masikio. Ilipita miaka kabla sijamwona uso. Alikuwa Msubi wa hapo hapo Biharamulo, alifanya kazi reli ujana wake wote akipitisha ujumbe kutoka stesheni hadi stesheni, akastaafu, akarudi kwake kulima, wakamfuata shambani kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua. L na R kwake zilikuwa kitu kimoja, kwa hiyo mimi nikawa "binti wa Ngala" mpaka mwisho. Yote ninayoyajua kuhusu kazi hii alinifundisha yeye, kwa vipande vya dakika mbili mbili, betri ikiruhusu. Tarakimu zitaje moja moja. Jina la mtu likiwa gumu, lisome herufi kwa herufi, mwenzako alirudie, hata kama mnachelewa. "Jina usilikisie hata siku moja," alikuwa akisema. "Ukikisia, mama yake atapelekewa mtoto wa mwingine."

Na kila asubuhi salamu kwanza. Habari za nyumbani, mvua imenyesha huko, mguu wa mkeo unaendeleaje. Mkubwa wangu alilalamika kwamba salamu zinakula betri. Nilimwambia Mzee Zakaria, akasema, "Mwambie betri imewekwa hapo iliwe." Sikumwambia.

Sasa msumari. Baba yangu alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa kwetu. Siku za mizani, kila mkulima akishapimiwa gunia, kikaratasi chake baba alikichoma kwenye msumari mrefu uliosimama mezani, ncha juu. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nauona ule msumari kuwa ndio serikali yenyewe. Nilipopata meza yangu mwenyewe, kitu cha kwanza niliomba msumari mrefu wa bati, nikaugongomea kwenye kipande cha ubao, nikausimamisha kulia kwangu. Ujumbe ukiingia naandika, nachoma. Nikipata nafasi na Biharamulo naupata hapo hapo, nauchomoa, nausoma, naupa namba, nauandika kwenye daftari. Hakuna karatasi iliyopeperuka hata siku ya upepo. Mgeni mmoja kutoka makao makuu aliupiga picha.

Na daftari langu, loo! Nilikuwa naringa nalo. Namba zinafuatana moja kwa moja, hakuna pengo, hakuna kufuta. Ili lisiharibike nilikuwa sitoi namba mpaka nimeshautuma ujumbe. Mkubwa aliwaonyesha wengine: jifunzeni kwa Perpetua.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Halafu yakaanza malalamiko, na mwanzoni yalikuwa ya kuchekesha. Hospitali ya kambi moja upande wa Biharamulo ilipokea ujumbe kutoka kwetu wa kushukuru kwa dawa, halafu kesho yake ujumbe wa kuomba dawa hizo hizo. Mara lori limeharibika njiani, halafu ndipo linatangazwa kuwa limeondoka. Padri mmoja aliambiwa ibada imeahirishwa, halafu akaalikwa kwenye ibada, akaenda, akakuta kanisa lina mbuzi.

Ajabu ni kwamba kambi zilizopitishia ujumbe Biharamulo kuja kwetu hazikuwa na shida hiyo kabisa. Ya kwao yalifika yamenyooka. Yetu ndiyo yalipinduka, tena si kila siku. Wiki nzima shwari, halafu Jumatatu moja vurugu tupu. Mimi nilijua wa kulaumiwa. Yule mzee ana miaka mingi, nikawaza, anachanganya karatasi zake. Siku moja nilishindwa kujizuia.

"Mzee, naomba uangalie hapo kwako. Namba zangu hizi hapa, zinafuatana. Nikizituma zimenyooka."

"Kweli, namba zako zinafika zimenyooka," akasema taratibu. "Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Ova."

Tukamwita fundi. Redio za Ngara na Biharamulo hazikuwa za kiwanda kimoja, akasema tatizo liko hapo, mitambo haielewani. Akabadilisha vipuri. Akainua antena. Akanibadilishia betri, akafunga waya mpya, akanywa chai yangu yote. Siku tatu shwari, nikamshukuru Mungu na fundi. Siku ya nne yakarudi.

Hapo ndipo alipoingia Esperansi. Alikuwa msichana wa miaka kama minane, kutoka ng'ambo, Burundi. Aliingia na kundi la watu asiowajua kupitia mpaka wa Murusagamba, akawekwa kwenye nyumba ya watoto katika kambi moja ya upande wetu. Baba yake, Melkiori, alikuwa ameingia kwa njia nyingine na kufikia kambi ya upande wa Biharamulo. Mama alikuwa ameshafariki kabla ya safari. Melkiori alikuwa anakuja kwenye meza ya redio ya kambi yake kila asubuhi, anavua kofia, anauliza, anavaa kofia, anaondoka. Mzee Zakaria alikuwa akiniambia, "Yule mwenye kofia amekuja tena." Nilishapeleka jina la Esperansi herufi kwa herufi kila mahali. Siku tuliyompata nilishangilia mpaka mkubwa akafungua mlango.

Jumatatu asubuhi nyumba ya watoto ikaniletea ujumbe: mtoto anahamishiwa kambi ya mpakani, baba amfuate huko. Nikaandika, nikachoma kwenye msumari. Kabla sijaipata Biharamulo betri ya redio kubwa ikazimika. Mawingu, sola haina nguvu, nikakaa tangu saa nne mpaka jioni napokea kwa redio ndogo na kuchoma tu. Alasiri ile ile ikaja karatasi nyingine: uhamisho umefutwa, mtoto anakuja Biharamulo kwa lori la Jumatano, baba asubiri hapo hapo alipo. Nikachoma. Jioni betri ikapata uhai kidogo, nikaipata Biharamulo, nikasoma zote haraka haraka, nikazipa namba, nikafunga daftari. Nilikwenda nyumbani nimeridhika.

Jumatano jioni Mzee Zakaria aliita bila salamu. Hapo tu nikajua kuna jambo.

"Binti wa Ngala, mtoto wa yule mwenye kofia ameshushwa hapa. Baba hayupo. Ameondoka jana alfajiri kwa miguu."

"Ameondoka kwenda wapi? Si aliambiwa asubiri?"

"Aliambiwa asubiri. Halafu akaambiwa amfuate mtoto mpakani. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho, ameifuata hiyo. Ova."

Akaendelea. Kulikuwa na orodha ya watoto wasio na mtu, wangechukuliwa Ijumaa saa sita mchana kupelekwa kwenye makao ya mkoa mwingine, mbali. Kwa kuwa Esperansi alifika na hakukuwa na wa kumpokea, jina lake lilikuwa limeingizwa. Bwana mwenye orodha hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa orodha. Bila mzazi au ndugu kumdai kabla ya saa hiyo, hamtoi. Na akishapelekwa huko, watoto kutoka kambi nyingi, majina yameandikwa na watu wengi, kupatikana tena ilikuwa kazi ya miezi, na wengine haikuwezekana. Baba alikuwa mahali fulani barabarani, hana redio, hana habari, anaupa mgongo mji alimo mwanawe.

Nikawaka. Nikasema tena mambo ya Biharamulo na karatasi zao, kwa maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nafunika uso. Mzee Zakaria alinisikiliza mpaka nikaachia kitufe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza Mzee."

"Basi kesho asubuhi tupime, mimi na wewe. Andika karatasi kumi. Ya kwanza andika moja, ya pili mbili, mpaka kumi. Kama watoto wa chekechea. Nitumie."

Alhamisi asubuhi, kabla hata wapika chai hawajawasha moto, tukapima. Nikaandika moja, nikaituma. Nikaandika mbili, nikaituma. Mpaka kumi. Zikafika moja mpaka kumi, safi. "Umeona?" nikasema, na nilikuwa na raha ya kijinga moyoni. Ningekuwa na akili ningehuzunika, maana kama kwangu pazima na kwake pazima, Esperansi tunamsaidiaje?

Nilisikia Mzee anakohoa. Kisha akasema, "Jumatatu hukuzituma hivyo. Jumatatu betri ilikuwa imekufa. Sasa andika kumi nyingine, lakini usitume. Zirundike kwanza kama ulivyozirundika, zikishatimia ndiyo unisomee."

Nikaandika kumi, nikazichoma zote. Nikabonyeza kitufe, nikachomoa ya kwanza kuja mkononi, nikafungua mdomo, nikausikia mdomo wangu mwenyewe unasema:

"Kumi."

Nikaachia kitufe. Nikaangalia msumari. Tisa ilikuwa juu, nane chini yake, na moja ipo kule chini kabisa kwenye ubao, imebanwa na wenzake. Baba yangu alikuwa anavichomoa vikaratasi vya kahawa mwisho wa msimu, vyote kwa pamoja, gunia la nani lilitangulia hakuna aliyejali. Mimi niliuleta msumari wa kahawa kwenye maneno ya watu. Siku zisizo na msongamano ujumbe ulikuwa mmoja tu juu ya msumari, ukitoka umetoka. Siku za kurundikana, wa mwisho ulitoka wa kwanza. Na kwa kuwa namba nilitoa wakati wa kutuma, daftari langu zuri lilikuwa linaapa kwamba kila kitu kimenyooka.

Nililia. Siwafichi. Nilimwona yule mtu na kofia yake barabarani.

"Binti," akasema Mzee. "Kwangu nina kisanduku cha mbao. Karatasi naingiza juu, natoa chini, kuna mdomo. Na namba naitoa ikiingia, kabla ya kitu kingine chochote. Ikikosekana namba moja najua kuna kitu kimebaki. Ndiyo tofauti yetu, hakuna nyingine."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua una msumari. Hukuniambia nami sikuuliza. Tumesalimiana mwaka mzima, mguu wa mke wangu unaujua, meza ya mwenzangu siijui. Hapo kosa ni letu wawili. Futa machozi, tumtafute."

Niruke kidogo hapa. Miaka mingi baadaye, kambi zimeshafungwa, nilifika Biharamulo kwa shughuli nyingine, nikaomba kukiona kile chumba. Mzee Zakaria mwenyewe alinipeleka, mfupi kuliko sauti yake, anacheka. Kisanduku kilikuwepo bado. Na kwenye meza yake ya zamani ya reli, aliyokuja nayo kutoka kazini kwake, upande wa kulia, pale pale nilipouweka wangu, niliona tundu la msumari mkubwa limezibwa kwa kijiti. Nikaliwekea kidole, nikamwangalia. Akatazama dirishani, akaniuliza kama nimekula. Nilitamani kumkumbatia, nikaona aibu, nikasema nimekula.

Alhamisi ile tukaita meza zote za redio kwenye njia ya kwenda mpakani. Nilikuwa sirundiki kitu. Nasema, nasubiri nirudishiwe, naandika namba, naenda kwa mwingine. Mwanaume mmoja, kofia ya kahawia, anaitwa Melkiori, anamfuata binti yake. Akionekana asimamishwe. Meza ya Kanazi hawajamwona. Wengine hawajamwona. Mtu mmoja alimwona juzi juu ya lori la kuni. Mpaka jioni hakuna.

Ijumaa saa nne na kitu asubuhi, redio ndogo ikaita. Kambi ya mpakani. "Mama, yule mwenye kofia amefika hapa. Ameambiwa mtoto hayuko, amekaa chini, haongei."

"Mpe redio!"

Mitambo yetu haikuweza kuunganisha redio ndogo na kubwa. Sauti ya Melkiori ilifika mpaka kwangu tu, na sauti ya Biharamulo ilifika mpaka kwangu tu. Katikati ni mimi. Nikaiita Biharamulo. Mzee Zakaria akasema ngoja, nikasikia anaongea na yule bwana wa orodha, akarudi: "Bwana anasema sauti ya redio si mtu. Mtu yeyote anaweza kusema ni baba. Lakini mtoto akimtambua, mbele yake, atalikata jina. Lori limeshawashwa. Mtoto yuko hapa kwangu, ila amedanganywa mara nyingi, binti, haamini. Anasema ana swali."

"Aulize."

Sauti ya mtoto ikaja, nyembamba, kwa Kirundi. Alitaka kujua: siku tulipotoka nyumbani, mimi nilibeba nini?

Nikageukia redio ndogo, nikamwuliza baba vilevile, kwa maneno yale yale. Ikaja sauti ya mtu anayejikaza.

"Jogoo," akasema. "Nilimkataza, akamchukua. Jina la jogoo ni Kaporali."

Nikageuka, nikayasema. Kisha mtoto: "Na Kaporali yuko wapi?"

Nikauliza. Na hapo, vijana wangu, Melkiori akaniambia kitu ambacho moyo wangu ulikataa kukipitisha. Walikuwa wamejificha kwenye migomba, watu wenye silaha wako karibu, jogoo akaanza kutaka kuwika. Baba alimnyonga mikononi mwa mtoto. Mtoto hakulia, wala hakumsemesha baba yake tena, na siku ya pili yake walipotezana kwenye msongamano wa mto. "Mwambie mimi ndiye niliyemuua," akasema. "Halafu mwambie nilikosa." Nilitaka kuanza na msamaha. Nilitaka kuondoa maneno mawili, matatu. Mtoto wa miaka minane! Lakini nilikuwa nimeshapanga maneno ya watu kwa mpangilio wangu vya kutosha. Nikabonyeza kitufe, nikasema la kwanza kwanza na la pili la pili, kama yalivyotoka kwake.

Nilisubiri. Nilikuwa nashika ukingo wa meza.

"Amesema aje," akasema Mzee Zakaria. "Amesema, mwambie aje. Na bwana ameshakata jina. Lori linaondoka bila yeye. Ova."

Nilimpatia Melkiori nafasi kwenye gari la chakula lililokuwa linarudi, nikawaambia wote njiani, na kila aliyeambiwa alinirudishia. Jumamosi asubuhi niliung'oa msumari. Nikamwomba seremala kisanduku chenye mdomo chini. Daftari nalo nikalianza upya, namba wakati wa kuingia, na tangu hapo likawa na mapengo na kufutwafutwa na alama pembeni. Mkubwa wangu alisikitika sana.

Ndiyo sababu niliwauliza lile swali, Agripina. Programu zenu zote mbili ni nzima, kama redio zetu zilivyokuwa nzima. Aliyetengeneza hii alikuwa na kisanduku kichwani, aliyetengeneza ile alikuwa na msumari, na hakuna aliyemwuliza mwenzake meza yake ikoje. Mnapopima, msipime siku ya shwari. Zirundikeni kwanza. Na namba mtoe zikiingia. Hayo ndiyo yote niliyo nayo ya kuwaachia, mengine mnayajua kuliko mimi.

Jumamosi ile alasiri nilikuwa nakijaribu kisanduku kipya cha seremala Biharamulo iliponiita.

"Binti wa Ngala, nina jumbe zako mbili. Nikupe kwa mpangilio gani?"

"Usinitanie Mzee. Kama zilivyoingia."

"Namba moja. Gari la chakula limefika, mwenye kofia ameshuka. Umenipata?"

"Nimekupata. Namba moja, ameshuka. Lete namba mbili."

Kimya. Nikaangalia betri, sindano iko juu. Nikaita mara mbili.

"Mzee Zakaria? Biharamulo, unanipata? Namba mbili inasemaje?"

"Subiri, binti," akasema. "Namba mbili bado inaingia."

Akaacha kuongea lakini hakuachia kitufe. Nikasikia kiti kinasogezwa, nikasikia mlango. Alikuwa amenyoosha mkono wenye kipaza sauti kuelekea uani. Nikasikia miguu midogo inakimbia kwenye changarawe, nikasikia neno moja la Kirundi, lenye maana ya baba, limepazwa kwa sauti ambayo ingefika Ngara hata bila mtambo.